Shamba la Mzee Jagdeo na Maneno ya Watu

Nadurivesi, Labasa
8 Machi 1999

Dada Urmila,

Kitambaa ulichonitumia kimefika salama. Kizuri, ila mshonaji wa hapa ameniuliza kama ni cha mtu mmoja au cha ukoo mzima. Nimemwambia, "Si mnasema Wahindi wanapunja? Haya, pima mwenyewe."

Baba yako hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Ijumaa alikuja kwetu na mfuko wa bamia, akakaa mkekani na mume wangu Eroni wakanywa yaqona, ule mzizi wetu wa kulevya, mpaka Eroni akashindwa kuinuka. Baba akaondoka zake kwa miguu, akavuka kijito, akaenda kuwafunga ng'ombe. Mzee wa karibu miaka sabini! Eroni hata aibu hana, anasema alikuwa anamheshimu mgeni.

Sasa neno lenyewe. Unajua mkataba wa shamba la Baba unaisha katikati ya mwaka. Baada ya Pasaka ukoo wetu, sisi Wafiji wenye ardhi, utakaa kuamua: aongezewe miaka mingine, au ardhi irudi kwetu. Ofisi ya ardhi inangoja neno letu tu. Usikose usingizi kwa ajili hiyo. Nani wa kumtoa? Nusu ya wazee wa hapa ni yeye aliyewalimia kwa ng'ombe wake. Mama yangu alipofariki, aliyechimba shimo la kupikia chakula cha matanga pamoja na kaka zangu ni yeye. Mzee Naibuka, mkuu wetu wa ukoo, anamwita mdogo wake, ingawa wamezaliwa mwaka mmoja na hakuna ajuaye nani alitangulia.

Jipya ni moja. Binamu yangu Waisake amerudi kutoka Suva, na tangu baba yake afariki ndiye msemaji wa ukoo. Unamkumbuka? Yule aliyekuwa analia ukimnyang'anya pera. Siku hizi anazungumza kama redio.

Wako,
Merewai


Nausori
21 Machi 1999

Mere mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya Eroni tu. Mwambie mgeni huheshimiwa kwa kusindikizwa mpaka mlangoni, siyo kwa kuanguka mbele yake.

Hapa shuleni hakuna wimbo mwingine siku hizi ila mikataba. Walimu wenzangu wengi ni Wahindi waliotoka mashambani, na kila mmoja ana baba au mjomba aliyetolewa. Kila hadithi inaishia palepale: Mfiji anakupa kwa mkono wa kulia, anachukua kwa wa kushoto. Siku ya kwanza nilijibu. Nikasema mimi nimekulia Nadurivesi, nimelala kwenye mikeka yao, mama zao wamenichapa na kunilisha. Bi Pratima wa darasa la nne akanitazama kwa huruma. "Urmila, ulikuwa mtoto wakati ule," akasema. "Ngoja." Siku ya pili nikajibu tena. Siku ya tatu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikanyamaza.

Baba mdogo Shiunath, aliyeko Nasinu, anamwandikia Baba kila mara ahame mapema. Anasema mwenye akili hutoka kabla hajatolewa. Baba hamjibu.

Nina ombi moja tu. Kikaoni utakuwepo. Najua wanawake mnakaa karibu na mlango, lakini midomo mnayo. Umsemee Baba. Wakumbushe. Pale ndipo kwake, hana pengine. Akija mjini atakaa kwenye chumba cha nyuma cha Shiunath anaangalia ukuta wa jirani mpaka afe.

Wako daima,
Urmila


Nadurivesi
19 Aprili 1999

Kwa Urmila,

Salamu. Kikao kilikuwa Jumamosi. Ukoo umeonelea kwamba mkataba utakapoisha ardhi irudi mikononi mwa wenyewe. Neno lilikuwa moja. Mzee Jagdeo ataruhusiwa kuvuna miwa iliyopo.

Tunasikitika. Mvua zimepungua. Watoto hawajambo.

Merewai


Nausori
27 Aprili 1999

Merewai,

Barua yako ingeenea nyuma ya stempu.

Mvua zimepungua! Baba yangu anafukuzwa, wewe unaniletea habari za mvua. Neno lilikuwa moja, unasema. Lilitoka kinywani mwa nani? Na wewe ulisema nini? Au mlango ulikuwa mbali sana?

Niliwaeleza wenzangu shuleni. Hakuna aliyeshangaa. Bi Pratima alinimiminia chai, akanipa kiti chake cha karibu na dirisha. Unajua kitu cha ajabu? Niliona raha. Tangu nihamie shule hii sijawahi kukaribishwa namna ile. Nikasema na mimi, "Ndivyo walivyo." Wote wakaitikia kwa kichwa.

Na ndivyo mlivyo, Merewai. Mnacheka na mtu, mnakula bamia zake, mnakunywa naye, kisha mnakaa mkekani na kusema kwa neno moja kwamba atoke. Na hiyo ardhi mtaiacha iote magugu, kwa sababu nyinyi kulima ni mpaka mlimiwe.

Urmila, binti Jagdeo


Nadurivesi
16 Mei 1999

Urmila,

Barua yako niliisukuma chini ya godoro nisiione, lakini kila nikilala nilikuwa naihisi. Umenitia kwenye "nyinyi". Tangu utotoni nilikuwa "wewe". Imeniuma, na nimestahili, kwa hiyo nitakueleza kikao kilivyokuwa, maana mara ya kwanza nilikuficha.

Yaqona ilichanganywa. Anayefungua maneno ni msemaji, na unajua kwetu neno la msemaji likishatoka, limetoka kwa ukoo. Waisake akasema: "Wazee wangu, Mhindi ni mtu wa kuhesabu. Mkimwongezea, wajukuu zetu watakuja kumwomba yeye mahali pa kuzikwa. Sisi tuliokaa Suva tumeyaona." Kisha kikombe kikaanza kuzunguka. Kila aliyekipokea alipiga makofi, akanywa, akasema, "Ni kweli." Kilipomfikia Mzee Naibuka alikizungusha kwanza mkononi. Kisha naye akapiga makofi. Ni kweli.

Baada ya hapo kila mtu akatia chumvi yake. Mmoja akasema Wahindi hawachangii kanisa. Baba yako ni Mhindu, achangie kanisa kwa lipi? Na alichangia! Saruji ya ngazi za kanisa ni yake, na aliyesema hayo huzipanda kila Jumapili. Eroni wangu naye akasema Wahindi ni wabahili, Eroni ambaye yaqona ya baba yako ilikuwa haijamtoka kichwani. Mimi nilikuwa pale karibu na mlango na maneno yote uliyoniomba niseme yakiwa mdomoni. Nikatazama nyuso, nikaona niko peke yangu. Kikombe kikafika. Nikapiga makofi.

Barua yako iliponiunguza vya kutosha, nilimbana Eroni jikoni.

"Kwani wewe ulitaka Baba Jagdeo aondoke?"

"Mimi? Hata kidogo. Akiondoka nani atanilimia?"

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

"Si wote walikuwa wanasema?"

"Mimi je?"

"Wewe ulipiga makofi, Mere. Nilikuona."

Basi nikajaza kikapu magimbi, nikazunguka nyumba kwa nyumba kama mtu anayetangaza dini mpya. Jirani yetu Taniela hakutaka Baba aondoke, ila alidhani Mzee Naibuka anataka. Mzee Naibuka hakutaka, ila aliona vijana wamekaza. Vijana wakaniambia waliona wazee wamekaza. Sereana, yule mjane, alishika mkono wangu akasema, "Ungesema wewe, na mimi ningesema." Nikamwambia, "Ungesema wewe!" Tukabaki tunatazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja.

Sijui nicheke au nilie. Ukoo mzima umemtoa mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyetaka atoke. Na yale maneno ya Wahindi hivi na Wahindi vile, nikimwuliza mtu ni Mhindi gani huyo, anasema, "Siyo Jagdeo. Wale wengine." Mhindi wanayemjua hapa ni Jagdeo tu.

Mzee Naibuka amesema ataita kikao kingine. Nimemwambia Baba asifanye lolote kwa sasa. Mwambie na wewe.

Merewai


Nausori
22 Mei 1999

Merewai,

Barua yako imefika leo mchana. Baba amefika jana kwa meli ya Savusavu, yeye na mabati yake.

Utakuwa uliona. Shiunath alikwenda na lori, akakusanya wanaume wa makazi ya Wahindi ng'ambo ya mto. Baba aliwaambia kuna kikao cha pili, kwamba Merewai amezunguka na watu wamejuta. Wakamcheka. "Kaka, huo ni mtego," wakasema. "Wanataka ukae mpaka mkataba uishe, kisha utoke mikono mitupu, nyumba waikute imesimama. Huwajui Wafiji?" Baba amekaa na Wafiji maisha yake yote. Waliomwuliza hivyo hununua magimbi yao sokoni na kuondoka.

Nilimwuliza kama aliamini kwamba ni mtego. Akasema hapana, Naibuka hawezi kufanya vile.

"Basi kwa nini ulipanda juu ya paa, Baba?"

"Walikuwa wameshaweka ngazi," akasema. "Watu wameacha kazi zao, wamekuja kunisaidia. Ningewaambiaje washuke?"

Kwa hiyo alibomoa nyumba yake mwenyewe. Sasa mabati yameegemezwa ukutani Nasinu, mvua ikinyesha yanapiga kelele mpaka jirani analalamika. Baba amepewa kile chumba cha nyuma. Anashukuru kwa kila kitu na hali chakula cha maana.

Yale ya "ndivyo mlivyo", niliyaandika kwa mkono wangu. Unataka kujua kama nilikuwa nayaamini? Nilipokuwa nayasema kwenye chai, niliyaamini kabisa. Nilipofika nyumbani sikuwa na hakika. Nikakuandikia usiku huohuo kabla sijaanza kuyatilia shaka.

Kikao chenu cha pili kitafaa nini? Nyumba haipo.

Urmila


Nadurivesi
9 Juni 1999

Urmila mwenzangu,

Niliona. Tulisimama barabarani kijiji kizima. Hakuna aliyekwenda kumsaidia, hakuna aliyekwenda kumzuia. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo, ananyoosha misumari mmoja mmoja kwa nyundo na kuitia koponi. Mtu nyuma yangu akasema, "Mhindi huyo! Hata msumari hakuachii." Watu wakacheka. Nikageuka kumtazama aliyesema, nikamkuta ni Eroni. Tangu siku ile anajichemshia chai mwenyewe, na sababu anaijua.

Na waliocheka walikuwa wanalia nusu yao. Sereana alikuwa anacheka huku anajipangusa kwa kanga yake.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Mzee Naibuka aliita kikao hata hivyo, na akafanya jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Aliamuru yaqona isichanganywe kwanza, na msemaji azungumze mwisho. "Leo kila mtu atasema lake kabla hajalowesha koo," akasema. "Aanze aliye karibu na mlango."

Aliye karibu na mlango nilikuwa mimi. Nilisema, "Mimi nilipiga makofi, na sikutaka." Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, ya ng'ombe, ya matanga ya Mama, ya ngazi za kanisa. Yote yakanipotea palepale. Lakini Sereana akasema, "Hata mimi." Taniela akasema, "Hata mimi." Ikawa kama ng'ombe mmoja amevunja ua, wote wakapitia pengo lile. Wengine nadhani walifuata tu, kama walivyofuata mara ya kwanza. Bendera hufuata upepo, na siku ile upepo ulikuwa wetu. Sikuwachunguza.

Zamu ya Waisake ilipofika alikuwa amekunja uso kama amelamba ndimu. Akasema, "Nimekaa mbali miaka mingi. Niliogopa nisipoitetea ardhi kwa maneno makali, mtasema Suva imenilainisha." Mzee Naibuka akamwambia, "Mwanangu, sisi tulidhani umekuja na akili mpya za Suva, tukaogopa kuonekana washamba." Hapo ndipo yaqona ikachanganywa.

Uamuzi ni huu: mkataba mpya, shamba lote, miaka thelathini. Karatasi ziko kwenye ofisi ya ardhi mjini Labasa, zinangoja saini ya Baba, na lazima aiweke yeye mwenyewe kabla Julai haijaisha. Asipokuja, wataandika kwamba ardhi imerudi kwetu, na hapo hata Mzee Naibuka hana la kufanya. Nyumba isikutishe. Nguzo ziko msituni na mikono tunayo.

Mzee Naibuka na Waisake wanavuka na meli mwisho wa mwezi kumletea jino la nyangumi, kumwomba radhi kwa taratibu zote. Tafadhali Shiunath asiwaache wamesimama mlangoni.

Merewai


Nausori
27 Juni 1999

Mere,

Walikuja jana. Nilikuwepo.

Sebule ya Shiunath ilijaa. Binamu, wake zao, majirani wa pande zote mbili, wote wamekuja kuona. Mzee Naibuka alikaa sakafuni ingawa viti vilikuwepo, na Waisake akapiga magoti kando yake na jino mikononi. Ile sauti ya redio hakuwa nayo. Alisema ukoo ulimkosea mtu wake, kwa kutamka maneno ambayo haukuwa nayo moyoni. Na Baba, na goti lake lile, akateremka kutoka kitini, akakaa chini, akalipokea jino kwa mikono miwili, akalinusa kwa heshima, akajibu kwa Kifiji ambacho mimi mwalimu sikiwezi. Akapiga makofi yale yenu ya viganja vilivyokunjwa. Mzee Naibuka alilia, na mimi nililia. Wakanywa chai, wakaaga. Baba akawaambia wampe muda kidogo, atawaletea jibu.

Geti lilipofungwa tu, Shiunath akalinyanyua lile jino kwa kamba yake. "Wametuletea jino! Kaka, wakileta mengine thelathini utakuwa na kinywa kizima." Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mmoja akauliza kama linatafuna miwa. Mwingine akasema, "Mfiji akishakuuma ndivyo anavyolipa, anakuachia jino."

Nilikuwa namtazama Baba. Kwanza alitabasamu. Kisha akacheka. Kisha akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mwenye akili gani atarudi kukaa na watu wale?" Wakampiga mabegani. Mke wa Shiunath akamletea halua. Sijawahi kuona wakimshughulikia vile tangu ahamie kwao.

Na mimi nilicheka, Mere. Siyo sana. Lakini nilikuwa nimekaa katikati yao.

Leo asubuhi nilikwenda tena, nikamkuta nyuma ya nyumba, karibu na mabati yake, analipaka lile jino mafuta ya nazi kwa kitambaa, taratibu, mpaka shinani. Tulikuwa wawili tu.

"Baba, unataka kurudi?"

"Nataka."

"Sasa yale ya jana?"

"Nimeshasema mbele ya watu."

Nilimwambia ni mzaha, kila mtu ataelewa. Akatikisa kichwa. Akasema akienda sasa watamwita mzee aliyenunuliwa kwa jino, na Shiunath ataaibika mbele ya wanaume aliowatoa makazini na lori lake. Nilimsihi, nikamkasirikia, nikamwambia Julai inakwenda. Akaendelea kupaka mafuta.

Anataka kwenda, nyinyi mnamtaka, karatasi zinamngoja, na mzee wangu atafia Nasinu kwa sababu ya sentensi moja aliyoisema ili apigwe bega. Mimi nimeshindwa. Mwandikie wewe, kwa Kifiji. Katika nyumba ile ni yeye peke yake anayejua kukisoma.

Urmila


Nadurivesi
6 Julai 1999

Kwa Baba Jagdeo,

Shikamoo Baba. Nakuandikia kwa Kifiji ili barua hii isisomwe na kila apitaye na kikombe cha chai.

Sikusihi. Urmila amenieleza, na najua umeshasema mbele ya watu. Mimi nami nilisema mbele ya watu, tena kwa makofi, kwa hiyo sina mahali pa kusimama nikufokee. Na hatuna muda wa kuwafundisha akina Shiunath tulivyo. Basi tuwaache na wanavyojua.

Waambie umekumbuka pampu ya maji uliyoiacha kisimani. Najua hakuna pampu. Ilikufa mwaka wa kile kimbunga na chuma chake kiko chini ya jiwe la kufulia la Sereana. Wao hawajui. Waambie Wafiji wameing'ang'ania, wanaiendesha kutwa kucha bila hata tone la mafuta, wanasema sasa ni yao. Hutahitaji kuapa, Baba. Hawatauliza hata ilikuwa ya rangi gani.

Huku pia nimeulizwa kama utakuja. Nimemwambia Eroni unakuja kufuata pampu. "Mhindi atavuka bahari kwa pampu?" akasema. Nikamwambia atavuka. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua shoka akaenda na vijana kukata nguzo za nyumba yako. Zimefika ishirini na kitu, zinakauka kando ya kijito.

Ofisi hufunguliwa saa mbili. Eroni atakungoja bandarini Savusavu.

Mwanao,
Merewai


Nasinu
14 Julai 1999

Merewai mwanangu,

Marahaba. Barua nimeisoma, kisha nimeichoma.

Niliwaambia wakati wa chakula cha jioni. Sikufika mbali. Nilipotamka neno pampu, Shiunath alipiga meza mpaka dengu zikamwagika. "Hata pampu!" Mkewe akasema ndivyo walivyo. Majirani wakaitwa, wakasema ndivyo walivyo. Nikasema labda niwaachie tu, goti linauma na nauli ni kubwa. Wakanifokea wote kwa pamoja. Wakanichangia nauli palepale. Mke wa Shiunath amenifungia chapati na achari ya safari, na wanaume wamekubali kuyapakia mabati yangu yote melini, kwa kuwa niliwaambia nitayauza Labasa kwa bei nzuri kuliko hapa. Hilo nalo waliliamini haraka. Urmila alikuwepo. Aliinama akajifanya anafuta dengu.

Meli inaondoka Ijumaa.

Wamenionya nisikubali maneno matamu ya Wafiji, na nisikanyage tena Nasinu bila hiyo pampu. Nilisimama, nikawaahidi mbele ya watu wote.

Jagdeo